Mizani ya Bandani

Hapa Sio Port mizani ni moja,
ya saa, ya kuning'inia, kioo kimepasuka
upande wa kilo saba,
na ufunguo wa banda ninao mimi.
Ndiyo maana mjadala ulikuja kwangu.
Ofisi ya chifu haina kivuli mchana.

Siku ya kumi na mbili hiyo. Watu mia moja na kitu
wamelala kati ya nyavu na gati,
wametokea Majanji kwa mashua za usiku,
na kabla ya Majanji, Mungu anajua.
Mtu hasimulii njia yote kwa anayempimia unga.

Egesa, mwenye injini tatu, alianza:
"Choo ni moja. Moja! Nani aliichimba?
Tulichanga mia mia, risiti ninazo."
Na kweli anazo, amezibana kwa kibanio cha nguo.
Mwalimu Sanya akaleta sheria,
akataja kifungu, akasahau namba, akataja kingine.
Kijana wa kamati ya ufuo akauliza
kama ni kweli wakimbizi hulipwa,
na kama hulipwa, mtu anajiandikisha wapi.
Tulicheka. Hata mmoja wao,
aliyekuwa akiparua magamba kwa ujira wa vichwa,
alicheka.

Taaka hakucheka.
"Sabini na tisa," alisema, "nusu ya kijiji hiki
ilitoka ng'ambo na godoro kichwani.
Baba yako, Egesa, alivuka na bata.
Bata, si hati."

Egesa akajibu kuwa hayo yalikuwa ya ndugu,
Msamia ni Msamia huku na huko,
lakini hawa, hata Kiswahili chao kimekwenda kombo.
Mtu yule yule wa "choo ni moja."

Mkutano ukakwama hapo kama roda yenye kutu.
Naibu wa chifu alisubiri simu kutoka Busia.
Simu ilisubiri mtandao.
Mbuta wa Wandera, sakafuni, alianza kulegea macho.

Ndipo mwanamke akapenya katikati ya wanaume,
beseni la bluu mikononi, ndani yake kitenge,
ndani ya kitenge mtoto mwenye kofia ya sufu.
"Mama, unipimiye mutoto.
Kule kliniki banasema karatasi kwanza."

Nimepima samaki miaka kumi na tisa.
Najua mkono unavyodanganya, najua barafu inavyodanganya,
najua maji yanayofichwa tumboni mwa mbuta.
Sijawahi kupima kitu kinachonitazama.

Nikapangusa ndoana. Nikafunga beseni kwa kamba pande nne.
Mshale ukapanda, ukatetemeka,
maana aliyemo alikuwa anapiga teke,
na banda zima likainua shingo kama kwenye mnada:
"Nne na robo!"
"Tatu na nusu, toa beseni!"
"Toa na kitenge, semeni ukweli!"
Huyo wa mwisho alikuwa Egesa.
Akaongeza, kwa sauti ndogo: ana miezi mingapi?
Mitano, akasema mama.
Hakuna aliyepandisha bei.

Nilifungua daftari.
Chini ya Wandera, mbuta, kilo thelathini na moja,
nikaandika: tatu na robo.
Aina: nikaacha wazi.
Bei: nikapiga mstari.
Mwenye mali,
hapo kalamu iligoma, nikamuuliza mama
mtoto anaitwa nani.
"Byamungu."
Nikaliandika alivyolitamka, na B yake,
bila kulinyoosha.

Mkutano umeahirishwa hadi Alhamisi.
Egesa ameondoka na risiti zake.
Taaka ameondoka na mama na beseni, hajaaga mtu.
Mwisho wa mwezi nitapeleka daftari kwa afisa wa samaki,
atajumlisha safu kwa kidole, atarudia,
atavua miwani.
Hesabu haitalingana.
Atasema kuna kilo tatu na robo
zimezidi.